Milima ya Jura na Vilima vya Umatumbi

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Niliambiwa nichague habari yoyote ya jiografia, maana ndilo somo nililolifundisha mpaka nikastaafu. Nimechagua habari ya milima ya Ufaransa. Naona wenzangu wa bweni letu wameanza kucheka. Wao wanaijua sababu, lakini nyinyi vijana hamuijui, kwa hiyo nitaieleza.

Sisi tulioingia sekondari katika miaka ya 1960 tulifundishwa jiografia ya Ulaya kwa ajili ya mtihani uliosahihishwa Uingereza. Kwa penseli, bila kutazama kitabu, nalikuwa naweza kuchora milima ya Jura ilivyopinda kama ndizi mpakani mwa Ufaransa na Uswisi. Nalijua mto Doubs ulivyojikunja, nalijua mji wa Besançon unatengeneza saa. Siku moja mwalimu wetu, mtu mgeni lakini mwema, aliniuliza nimetoka wapi. Nikajibu Somanga. Akauliza, nyuma ya Somanga kuna nini? Nikasema, "Kuna pori, mwalimu." Akauliza, "Pori tu?" Nikasimama pale nikifikiri, kisha nikasema, "Pori na vilima." Darasa likacheka, na somo la Ufaransa likaendelea.

Vilima vile ndiko kwao mama yangu. Kila likizo nililala huko, nikala machungwa ya huko, nikachota maji ya huko. Niliviita pori kwa sababu havikuwamo kitabuni. Nina deni, basi, na leo nataka kulipunguza.

Jambo la kwanza ambalo yule mwalimu hakunieleza, na pengine mwenyewe hakulijua, ni kwamba milima ile ya Ufaransa na vilima vyetu vya Umatumbi vina mawe ya umri mmoja. Mwaka 1795 mtaalamu wa Kijerumani, Alexander von Humboldt, aliyataja mawe ya chokaa ya milima ya Jura kwa jina la milima yenyewe. Mwaka 1829 Mfaransa Alexandre Brongniart akalitumia jina hilo kwa tabaka za mawe za zama zile. Tangu hapo, jiwe lolote duniani la umri huo, liwe la China au la Kilwa, huitwa jiwe la zama za Jura. Huku kwetu yako mawe ya chokaa ambayo wanajiolojia wameyapa jina la Mtumbei, kijiji cha huko huko Umatumbi. Umri wake ni kiasi cha miaka milioni 170. Ilikuwapo bahari ya maji vuguvugu, isiyo na kina kirefu, na viumbe wenye magamba wakafa humo kwa mamilioni ya miaka wakalundikana. Mtu wa Kipatimu anayejenga msingi wa nyumba yake kwa mawe ya shambani anajenga juu ya pwani ya kale.

Wengi wenu mmesikia habari za Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi mjini. Mifupa ile nayo ni ya zama za Jura, ila ni ya mwisho wake, kama miaka milioni 150 iliyopita. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani waliichimba, na msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba vichwani mpaka bandari ya Lindi. Mnyama mmoja amesimamishwa Berlin, na kichwa chake kiko juu zaidi ya mita 13. Lakini mifupa ina wasemaji wengi. Mimi nataka kusema habari za maji.

Niwaeleze kwanza nchi ilivyo, kwa wale wanaopita Somanga ndani ya basi wakiwaza samaki wa kukaanga tu. Ukisimama Somanga, mashariki una bahari, mikoko na mashua za wavuvi. Kaskazini ni bonde la Rufiji na delta yake. Magharibi nchi inainuka. Ukishika barabara kuu kwenda kusini utafika Njia Nne, na hapo inachepuka barabara ya Kipatimu. Mwanzoni ni minazi na mikorosho, mchanga mtupu. Kisha udongo unakuwa mwekundu, gari linaanza kunguruma, na hewa inabadilika. Vilima hivi havifiki mita 1,000, na mtu wa Kilimanjaro angevicheka, lakini vinatosha kuyakamata mawingu yatokayo baharini. Ndiyo maana huko juu kuna migomba na michungwa wakati pwani mihogo inanyauka. Kwenye vilima hivyo ndiko walikokaa Wamatumbi, katika vijiji vya Kipatimu, Kibata, Nandete, Nandembo, Mtumbei na vinginevyo. Upande wa Rufiji upo msitu wa Kiwengoma, ambao wataalamu waliuchunguza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Misitu ya pwani kama huo ina mimea na viumbe ambavyo huwezi kuvikuta mahali pengine duniani.

Sasa maji. Jiwe la chokaa lina tabia moja. Maji ya mvua, yakichanganyika na hewa na udongo, hupata ukali kidogo, na ukali huo hulila jiwe polepole. Ufa mdogo huwa mfereji, mfereji huwa pango. Basi katika nchi ya chokaa mvua hunyesha sana lakini mito juu ya ardhi ni michache. Maji huzama, husafiri gizani, kisha huchomoza mahali pengine kama chemchemi. Watu wa Jura waliishi na jambo hili karne nyingi bila kujua maji yao yatoka wapi. Walilijua kwa ajali, na ajali yenyewe ni ya kuchekesha.

Tarehe 11 Agosti 1901 radi ilipiga kiwanda cha pombe cha Pernod katika mji wa Pontarlier, kando ya mto Doubs. Kiwanda kilikuwa kinatengeneza absinthe, pombe kali yenye harufu ya mimea. Moto ulipowaka, wafanyakazi waliogopa matangi yasije yakalipuka, wakaifungulia pombe yote ikamwagika mpaka mtoni. Siku mbili hivi baadaye, watu waliokuwa kwenye chanzo cha mto mwingine kabisa, mto Loue, ng'ambo ya milima, wakasikia maji yananukia absinthe. Wazia furaha ya walevi wa bonde lile! Kumbe mto Loue, uliodhaniwa una chanzo chake wenyewe, ulikuwa sehemu ya Doubs iliyopotelea chini ya ardhi na kuchomoza upya. Baadaye wataalamu walitia rangi katika Doubs ili kuhakikisha, na rangi ikatokea kule kule.

Nawaomba wanafunzi waishike habari hii kuliko majina yote niliyoyataja. Katika nchi ya chokaa, kinachomwagwa juu hutokea chini, kwa mtu ambaye hakukimwaga na wala hakijui kilikotoka. Jiwe la chokaa halichuji maji kama mchanga unavyochuja. Hupitisha tu, kama bomba.

Umatumbi nako ni vivyo hivyo. Yako mashimo ambamo kijito cha masika huingia kisionekane tena. Yako mapango, na kubwa linalojulikana ni Nang'oma, pande za Nandembo, ambalo ni miongoni mwa makubwa ya Afrika ya Mashariki. Ndani yake ni popo, popo, popo. Nililiingia mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili nyuma ya mjomba wangu, nikimshika shati. Alikuwa na mwenge wa makuti. Tulipofika mahali palipokuwa na ukumbi alisimama, akasema, "Hapa ndipo bibi yako alipofichwa." Hakusema zaidi, nami sikuuliza.

Alikuwa anasema habari za Maji Maji. Mnajua kwamba vita vile vilianzia huko juu. Mwishoni mwa Julai 1905, Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa mipamba katika shamba ambalo watu walilazimishwa kulilima kwa faida ya wengine. Baada ya siku chache tu vita vilishuka mpaka Somanga, ambayo Wajerumani waliiandika Samanga, na mipamba na kituo cha biashara vikateketezwa. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe akanyongwa Mohoro. Wajerumani walipojibu kwa moto na njaa, wakichoma maghala ya chakula, watu waliingia mapangoni. Jiwe lile lile lililoficha maji liliwaficha na wao. Desemba 1916 vikaja vita vingine visivyo vyetu, Waingereza na Wajerumani wakapigana Kibata kwenye matope, na wanaume wa vilima wakabeba mizigo ya pande zote mbili.

Nirudi kwenye kazi za watu, maana kichwa cha somo letu la zamani kilikuwa "Viwanda vya Jura", na swali lilikuja mtihanini zaidi ya mara moja.

Jura ni baridi kupita kiasi. Theluji hukaa miezi mingi, na mkulima hawezi kulima. Kwa hiyo watu wa huko walikaa ndani wakafanya kazi za mikono. Wako waliochonga vipande vya saa, waliotengeneza miwani katika mji wa Morez, na waliochonga viko vya kuvutia tumbaku katika mji wa Saint-Claude. Sikilizeni jambo hili la viko. Mti unaofaa, kisiki cha kichaka fulani cha kando ya Bahari ya Kati, hauoti Jura. Waliununua mbali wakauleta. Walichokuwa nacho wao ni kerezo, mto wa kuizungusha, na majira ya baridi ya kukaa ndani wakijifunza. Kwa mti wa wenzao wakajulikana dunia nzima.

Sisi tunao mpingo. Umo katika misitu ya Kilwa, nao ni mti mgumu na mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Huchukua miaka sabini hata mia kufikia unene wa kuvunwa. Zumari za Kizungu, klarineti na obo, hutengenezwa kwa mpingo, na baadhi ya viwanda mashuhuri vya klarineti viko Ufaransa. Kwa miaka mingi gogo la mpingo lilitoka kijijini kwa pesa ya chai, likaenda kuimba Paris. Mwaka 2009 likatokea jambo la kutia moyo. Shirika la kuhifadhi mpingo lenye makao yake Kilwa Masoko lilisaidia vijiji kupata cheti cha kimataifa cha misitu inayovunwa kwa utaratibu. Kijiji cha Kikole kikawa miongoni mwa vya kwanza kuuza mpingo wa msitu wake chenyewe, na fedha zikaingia katika mfuko wa kijiji. Ni hatua kubwa. Lakini kerezo bado liko kwa wenzetu. Tunauza gogo na ubao, na zumari tunaisikia redioni.

Kazi nyingine ya Jura ni jibini liitwalo Comté. Duara moja lina uzito wa kilo 40 hivi na linahitaji maziwa kama lita 400. Mkulima mmoja mwenye ng'ombe wachache hawezi kuyapata kwa siku. Basi tangu karne ya 13 wakulima wa kijiji huleta maziwa mahali pamoja, kila mmoja akiandikiwa kiasi chake, na jibini ni la wote. Sisi tuliokuwa watu wazima wakati wa vijiji vya ujamaa tunaweza kutabasamu kidogo hapa. Kilichonivutia ni hiki: wamejiwekea sheria ng'ombe wale nini. Tangu 1958 jina la jibini lile linalindwa kisheria, na ladha yake hutokana na majani ya malisho. Majani yakiharibika, jibini linakufa. Kwa hiyo mkulima wa Jura anapolinda nyika yake halindi mandhari ya watalii. Analinda mfuko wake.

Huku kwetu mfuko ni ufuta. Hapa ndipo mambo yanaponiwia magumu, ndugu zangu, na ningalikuwa mwoga ningeishia kwenye jibini.

Ufuta umewanyanyua watu wa mkoa wetu. Unauzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani, na mwaka wa bei nzuri utaona mabati mapya katika kila kitongoji. Lakini ufuta hupenda ardhi mpya. Ukikata msitu ukachoma, mwaka wa kwanza unavuna vizuri, wa pili vizuri, kisha magugu yanazidi na mtu anasogea mbele kwenye msitu mwingine. Mjomba wangu alipofariki aliacha shamba kwenye mteremko, na juu ya shamba ni kipande cha msitu ambacho hakikukatwa tangu nimekijua. Chini yake inatoka chemchemi. Kaya za kitongoji kile zinachota hapo, hata kiangazi. Wana wa mjomba wanataka kuukata msitu ule walime ufuta. Wamenijia kwa heshima, kama inavyostahili, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa niliyebaki, na wamesema hawatakata mpaka niseme.

Nami sijasema. Ni rahisi kwa mwalimu mwenye pensheni kuwaambia vijana walinde msitu. Ufuta ule ndio ulionunua sare na madaftari ya watoto wao, na wawili kati ya watoto hao wamo humu ukumbini, wanajijua. Nikisema msikate, nani atawalipia? Nikisema kateni, najua jiwe lilivyo. Udongo wa juu ya chokaa ni mwembamba. Mizizi ikiondoka, masika mbili tatu zinatosha kuusukumia ndani ya nyufa, na chemchemi itatoa tope wakati wa mvua na vumbi wakati wa kiangazi. Na dawa ya kuulia magugu, ambayo sasa kila mtu anapulizia, itashuka kama ile absinthe, isipokuwa haitanukia.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, mvua ilikata barabara kuu pande za Somanga. Magari yalipanga foleni siku kadhaa, wagonjwa na nyanya pamoja. Sisi tuliopigania miaka mingi zile kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga zipate lami tulitazama lami inabebwa na maji. Sisemi kwamba ufuta ndio ulioleta mafuriko. Mvua ile ilikuwa kubwa, ingalifurika hata juu ya msitu mnene. Nasema tu kwamba yale maji hayakutoka baharini. Yalitoka juu, na yalikuwa mekundu. Mtu yeyote wa Umatumbi angelitambua udongo wa kwao.

Wako watakaouliza mbona sikutaja gesi. Naitaja. Iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na tangu 2004 inakuja kwa bomba chini ya bahari kilomita 25 hivi mpaka Somanga, kisha kilomita 207 mpaka Ubungo. Ni mali kubwa, na vijana wanaosoma fizikia wana kazi huko. Lakini gesi ina wahandisi wake na mita zake. Chemchemi ya mjomba haina mita.

Kwa hiyo nimekuja na ombi, na Mwalimu Mkuu ameshanikubalia, ndiyo sababu hasa ya kusimama hapa. Pande zile ziko chemchemi tatu ninazozijua. Moja iko chini ya msitu ambao haujaguswa, ndiyo hiyo ya mjomba. Ya pili iko chini ya shamba lililokatwa miaka mitano iliyopita. Ya tatu iko chini ya michungwa mikubwa, ambayo nayo ni mazao ya kuuza, na mizizi yake inakaa. Nataka tuzipime zote tatu, masika na kiangazi, kwa miaka miwili. Kifaa ni debe na saa. Unakinga debe, unahesabu sekunde mpaka lijae, unaandika. Kisha unatia maji katika chupa nyeupe, unaiacha usiku kucha, asubuhi unapima tope lililotua chini kwa rula. Anayeweza kusoma rula anaweza kazi hii.

Wana wa mjomba wamekubali kungoja miaka hiyo miwili. Wamesema kama michungwa inatunza maji, wako tayari kuipanda kwenye mteremko wa chini na kuuacha msitu wa juu, ila mchungwa huchukua miaka kadhaa kuzaa, na katika miaka hiyo watoto wanakula. Wanafunzi wa zamani wenzangu, mlio na mifuko iliyotuna kidogo, nitawafuata mmoja mmoja wakati wa chakula kuhusu bei ya miche. Msijifiche chooni.

Safari ya kwanza ni Jumamosi baada ya kufunga mitihani. Nahitaji vijana wanane, wavulana na wasichana, wenye viatu vya kufunga kamba. Tutalala kwa shangazi yenu Kipatimu, na mchana wa Jumapili nitawaingiza Nang'oma mpaka kwenye ule ukumbi. Kila mtu aje na tochi na betri za akiba. Mwenge wa makuti siku hizi nauogopa, popo nao wanauogopa.